Mlimani iliyosomesha kina Mutunga na Museveni: leo kubadilishana wanafunzi na vyuo vya Afrika kunakwama wapi?

Mkongwe wa Masijala (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Kila baada ya miezi michache naiona picha ileile mtandaoni. Makamu mkuu wa chuo na mgeni wake kutoka Lusaka, Kigali au Accra wamekaa nyuma ya meza yenye kitambaa, bendera ndogo katikati, kila mmoja anasaini. Maelezo ya chini nayo hayabadiliki: vyuo hivi viwili vitashirikiana kwenye utafiti na kubadilishana wanafunzi na wahadhiri. Rudi baada ya muda uulize wameshakwenda wangapi. Nimefanya kazi masijala ya taaluma katika chuo kimoja cha umma hapa nchini (kipi, tusifike huko) na jibu nalijua. Mara nyingi hajaenda hata mmoja. Akienda mmoja, anarudi anakuta jina lake kwenye orodha ya wanaotakiwa kurudia semesta.

Watu wakijadili jambo hili wanakimbilia nauli na viza. Nauli ni tatizo, sibishi. Ila mafaili niliyoyaona yakifa yalifia kwenye krediti, pale idara ya nyumbani inapotakiwa kuandika kwamba masomo uliyosoma kule yanahesabika. Hapo ndipo nataka tujadili, na nitaanza mbali kidogo.

Chuo cha Dar es Salaam, ndiyo hiyo Mlimani, kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kitivo kimoja tu, cha sheria, wanafunzi 13, na digrii ilikuwa inatolewa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Kazi ziligawanywa: sheria Dar, udaktari na kilimo Makerere, uhandisi na udaktari wa mifugo Nairobi. Kijana wa Mwanza aliyetaka kuwa injinia alikwenda Nairobi, na Mkenya aliyetaka sheria alikuja kwetu. Hakuna aliyeita hiyo "programu ya kubadilishana". Ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kusoma.

Ndivyo alivyopita Willy Mutunga, aliyemaliza sheria Mlimani 1971 na baadaye akawa Jaji Mkuu wa Kenya, 2011 hadi 2016. Ndivyo alivyopita Yoweri Museveni, 1967 hadi 1970, akaongoza ule umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, USARF, na 1968 akaenda na wenzake kwenye maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO kule Msumbiji. John Garang naye alipita Mlimani. Walter Rodney alitoka Guyana akaja kufundisha. Ukitaka kujua kwa nini midahalo ya Nkrumah Hall bado inatajwa mpaka leo, angalia waliokuwa wamekaa kwenye viti.

Tarehe 1 Julai 1970 chuo kikavunjwa vikawa vitatu. Nairobi ikafungua sheria yake, Dar ikafungua uhandisi 1973. Kwa nchi changa ilieleweka, kila mtu alitaka madaktari na mainjinia wake bila kuomba nafasi kwa jirani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikaanguka. Kuanzia hapo mwanafunzi anayevuka mpaka anaitwa mgeni, na faili lake linahitaji saini.

Sasa njoo mezani kwangu. Mwanafunzi kasoma semesta moja Makerere, kafaulu masomo 5, karudi na transkripti. Inaonyesha kila somo krediti 3, jumla 15. Kwetu semesta ni krediti 60, kwa sababu utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu, unahesabu mwaka kuwa 120. Ofisa anaangalia 15, anaangalia 60, anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Amesoma robo."

Hakusoma robo. Makerere krediti 1 ni saa moja ya darasani kwa wiki, kwa wiki 15, kwa hiyo somo la krediti 3 ni saa 45 za kukaa na mhadhiri. Sisi krediti 1 ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi: mihadhara, semina, maktaba, kazi za nyumbani, mpaka kujiandaa na mtihani. Zile saa 45 za darasani ukiongeza kujisomea unafika kirahisi saa 120, yaani krediti zetu 12. Masomo 5 mara 12 ni 60. Semesta kamili. Ni sawa na kuhesabu shilingi za Uganda kana kwamba ni za Tanzania, halafu unamlaumu mwenye hela.

Na alama? Makerere A inaanzia 80, na chini ya 50 umefeli. Mlimani A inaanzia 70, kufaulu ni 40. Kijana kapata 72 kule, kwenye transkripti imeandikwa B. Ukichukua herufi, umemwonea. Ukichukua 72 ukaiita A, wenzake waliobaki watasema kapendelewa. Kanuni ya kuamua lazima iwepo kabla hajaondoka, na kwenye zile hati za makubaliano zenye picha nzuri sijawahi kuiona.

Siyo kwamba haiwezekani. Watu wa uchumi walilimaliza zamani. AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika wenye makao Nairobi, wana programu ya pamoja ya uzamivu tangu 2002. Mwanafunzi anasoma kozi za msingi kwenye chuo mwenyeji (Dar es Salaam ni kimojawapo, vingine ni Ibadan, Cape Town na Yaoundé II), kisha wote wanakutana kwa masomo ya kuchagua, wanafundishwa pamoja na kutahiniwa pamoja. Mnigeria, Mtanzania na Mmalawi darasa moja, na hakuna anayerudi nyumbani kubembeleza krediti, maana vyuo vilikubaliana mtaala kwanza na safari ikafuata.

Nawasilisha. Waliowahi kwenda au kupokea wageni, karibuni.

Bwana Shaka

Mkuu umeandika vizuri ila unaipamba sana Mlimani ya zamani. Wakati ule wanafunzi walikuwa wachache, serikali inalipa kila kitu, na mtaala ulitoka sehemu moja kwa wakoloni walewale. Hata mimi ningeelewana na jirani kama sote tumepewa kitabu kimoja. Leo kila nchi ina vyuo vya umma na binafsi huwezi kuvihesabu kwa vidole, kila kimoja na mtaala wake. Unataka idara ya Dodoma ikae na idara ya Gulu, Kisii na Huye kulinganisha somo kwa somo? Nani atalipia hivyo vikao?

Mkongwe wa Masijala

Bwana Shaka, swali zuri. Mimi sitaki Dodoma ikae na wote. Ikae na mmoja, kwa programu moja. Ukilinganisha masomo ya mwaka wa pili ya takwimu na chuo kimoja tu, una jedwali la kurasa mbili linalotumika miaka mitano. Shida yetu tunasaini na vyuo ishirini, hakuna jedwali hata moja.

Komredi wa Nairobi

Salamu kutoka upande huu. Nimesoma hadi mwisho, na ninaongeza jambo ambalo Watanzania hulisahau. Sisi wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985, hatukuwa na kidato cha tano na sita. Digrii yetu huchukua miaka minne, yenu nyingi ni mitatu baada ya miaka miwili ya A-level. Kwa hivyo mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza na wenu wa mwaka wa kwanza hawako mahali pamoja. Ukimleta wetu wa mwaka wa pili akae na wenu wa mwaka wa pili katika hesabu, ataona nyota mchana. Mlinganishe kwa somo, usimlinganishe kwa mwaka.

Kwa alama lakini sisi na Dar tunakaribiana: Nairobi A ni 70 kwenda juu na kufaulu ni 40. Hapo hamna kisingizio.

Binti Kagera

Mimi nimesoma Makerere digrii nzima, sikwenda kwa kubadilishana. Kwetu Bukoba, Kampala ni karibu kuliko Dar, na wengi wa kwetu tunavuka Mutukula tangu zamani. Niseme ukweli, kuandikishwa kusoma digrii nzima ni rahisi kuliko kwenda semesta moja. Digrii nzima unapeleka vyeti, unarudi na cheti, TCU wanakitambua, basi. Semesta moja inabidi vyuo viwili viongee, na kuongea ndiko hawataki.

Kuhusu kibali, wanafunzi wa Afrika Mashariki tunapewa pasi ya mwanafunzi bila malipo chini ya Soko la Pamoja lililoanza kutumika Julai 2010. Nimekutana na watu waliotozwa hela na watu wa katikati kwa kitu cha bure. Nenda mwenyewe uhamiaji na barua ya chuo.

Mwaka wa Kwanza

Wakuu samahani kwa swali la kitoto. Kwenye kubadilishana ada unalipa wapi? Na boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, je?

Mkongwe wa Masijala

Si la kitoto hata kidogo, wengi wanaumia hapo. Kubadilishana kwa maana halisi, ada unalipa chuo chako, kule hulipi ada ya masomo. Ndiyo maana idadi inatakiwa ilingane. Sisi tukipeleka watano na wao wasilete mtu, wao wanafundisha watano bure, na mwaka unaofuata wanafunga mlango kimyakimya. Malazi, chakula, bima na nauli ni juu yako au mfadhili.

Boom ni mtihani mwingine. Unatakiwa kusaini, na siku hizi ni kwa alama za vidole. Ukiwa Kampala kidole chako kiko Kampala. Kabla hujaondoka nenda dawati la mikopo hapo chuoni, uandikwe kwa barua kwamba uko nje kimasomo lakini ni mwanafunzi uliyesajiliwa. Ukiondoka bila hiyo barua, kwenye mfumo utaonekana umetoweka.

Daktari Mtarajiwa

Naomba nilete mfano unaotoka nje ya makaratasi. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, Watanzania waliokuwa wanasoma Khartoum waliondolewa kupitia Ethiopia, wengi wao wanafunzi. Hilo wote tunalikumbuka. Ambalo halikusemwa sana ni upande wa pili: wanafunzi wa udaktari wa chuo cha UMST cha Khartoum walikosa hospitali za kujifunzia, na mwaka huohuo wakapokewa Rwanda na hapa kwetu Muhimbili kwa mafunzo ya wodini.

Nimezunguka nao wodi. Asubuhi mnasimama kitanda kimoja, bingwa anauliza, Msudani anajibu kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kiarabu, mgonjwa anauliza kwa Kiswahili "huyu anasema nina nini?", na wewe unakuwa mkalimani bila kuteuliwa. Baada ya wiki kadhaa walikuwa wanajua "pumua ndani", "inauma wapi", "tangu lini". Kimasomo walikuwa vizuri, na wao walishangaa wingi wa wagonjwa tunaowaona kwa siku.

Ninachotaka kusema, ilipotokea dharura, vyuo viliongea na watu wakaingia wodini ndani ya miezi, siyo miaka. Digrii ilibaki ya chuo chao, sisi tuliwapa mazoezi na usimamizi. Kama iliwezekana na Khartoum iliyokuwa inaungua, na Blantyre ya Malawi iliyotulia inashindikanaje?

Bwana Shaka

Daktari, hapo umenifunga mdomo kwa nusu saa. Ila udaktari ni rahisi kulinganisha, ini la Msudani na la Msukuma liko upande uleule. Jaribu sheria ya ardhi.

Daktari Mtarajiwa

😂 Ini liko pamoja, malaria haiko pamoja. Lakini sheria nakuachia.

Komredi wa Nairobi

Ndugu Shaka, sheria ndiyo iliyowaleta Wakenya Dar miaka ya sitini. Mutunga hakusoma sheria ya ardhi ya Tanzania akashindwa kuwa Jaji Mkuu Kenya. Misingi alisoma kwenu, mambo ya nyumbani akaja kuyamalizia nyumbani. Mtu akienda semesta moja achague masomo ya misingi: sheria ya kimataifa, haki za binadamu, falsafa ya sheria. Mashamba ya Kiambu atayakuta akirudi.

Mtu wa Panya

Nipo Morogoro, SUA, chuo cha kilimo. Nimeona watu wanazungumzia Mlimani tu kana kwamba nchi ina kilima kimoja.

Kwanza historia. Kampasi yetu ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu ilikuwa shule ya ANC, SOMAFCO, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya sabini kwa ajili ya vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maandamano ya Soweto. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa serikali yetu. Makaburi ya wapigania uhuru bado yapo, na wageni kutoka Afrika Kusini huja kuyazuru. Mnaposema uhusiano wa chuo na Afrika, sisi tunalala kwenye mabweni waliyojenga wao.

Pili, mambo ya sasa. Benki ya Dunia ilianzisha vituo vya umahiri kwa Afrika Mashariki na Kusini mwaka 2016, vituo 24 kwenye nchi 8. Tanzania ilipata 4: viwili SUA, viwili chuo cha Nelson Mandela pale Arusha. Kimoja cha kwetu ni cha panya. Ndiyo, panya. Udhibiti wa panya waharibifu, na teknolojia ya kutumia panya kunusa kifua kikuu na mabomu ya ardhini. Masharti ya fedha yalikuwa wazi: kituo kipokee wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi nyingine za ukanda, na hela zilifuata matokeo. Ghafla kila mtu chuoni akawa na haraka ya kusajili wageni, na mwanafunzi wa nje akapokewa stendi.

Kwa hiyo mkuu Masijala, nakubaliana nawe kuhusu krediti kwa digrii ya kwanza. Kwa uzamili na uzamivu wa utafiti krediti si tatizo kubwa, mtu anakuja na mada yake, anakusanya data mashambani, anaandika. Kinachoamua ni nani ana mfuko na mfuko una sharti gani.

Mkongwe wa Masijala

Mtu wa Panya, nimekusoma na nakubali. Uzamili na uzamivu njia zipo nyingi, na vijana hawazijui. Nizitaje haraka kwa faida ya wasomaji:

Kuna mpango wa Umoja wa Ulaya na Umoja wa Afrika wa kuhamahama kitaaluma ndani ya Afrika, Intra-Africa, unalipa ada, nauli, bima na posho, na lazima usome nchi isiyo yako. Kuna Chuo Kikuu cha Afrika nzima, PAU, cha Umoja wa Afrika, kilichozinduliwa 2011. Hicho hakina mji mmoja: sayansi na teknolojia wako chuo cha JKUAT Kenya, maji na nishati Tlemcen Algeria, sayansi za ardhi na uhai Ibadan, utawala na sayansi za jamii Yaoundé II. Na IUCEA, baraza la vyuo vikuu vya Afrika Mashariki pale Kampala, wamewahi kutoa ufadhili wa uzamili kwa raia wa Jumuiya, kwa sharti la kusoma nje ya nchi yako.

Nyingine mtaongeza.

Mtoto wa Katanga

Ndugu zangu, mimi naandika kutoka Lubumbashi. Sisi Kongo tumeingia Jumuiya 2022 na kila mtu anatuambia karibuni nyumbani. Asante. Lakini nyumbani kwenyewe wanasoma kwa Kiingereza, na sisi tunasoma kwa Kifaransa. Kiswahili tunakijua wote, na darasani hakuna anayekitumia isipokuwa idara ya Kiswahili. Ajabu yetu hiyo.

Na krediti zetu ni za mfumo wa LMD (shahada, uzamili, uzamivu kwa mtindo wa Kifaransa), mwaka ni 60. Kwa hiyo kwa hesabu ya Mkongwe, semesta ya Mkongo ni 30, ya Dar ni 60, ya Makerere ni 15 na kitu. Mwanafunzi mmoja, kazi ileile, namba tatu. Warundi nao wana mfumo wa aina hiyohiyo, wao wanauita BMD. Kama Jumuiya inataka tuwe kitu kimoja, ianze kwa kuandika saa za kazi za mwanafunzi kwenye kila transkripti, kila chuo, mbele ya krediti. Saa ni saa, Kampala na Kolwezi.

Binti Kagera

Mtoto wa Katanga umemaliza kila kitu. Safu moja tu ya ziada kwenye transkripti.

Bwana Shaka

Hivi si marais walishakubaliana? Nakumbuka ilitangazwa kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu.

Mkongwe wa Masijala

Walitangaza, hapahapa Dar es Salaam, kwenye kikao cha wakuu wa nchi cha 20 Mei 2017. Na kwa Afrika nzima kuna Mkataba wa Addis Ababa wa 2014 wa kutambuana masomo na vyeti, ulianza kufanya kazi Desemba 2019, umechukua nafasi ya ule wa Arusha wa 1981. Huo unagusa hata masomo ambayo hayajafika cheti, yaani semesta yako moja imo. Juu kumenyooka. Lakini ofisa wa mitihani wa idara hasomi mikataba ya marais, anasoma kanuni za seneti ya chuo chake. Kama kanuni za seneti zinasema masomo yote lazima yasomwe hapa, mkataba utabaki kwenye kabati Addis.

Kwa hiyo anayetaka kusukuma jambo hili asiende wizarani kwanza. Aende kwenye bodi ya ndaki, yaani kitengo cha chuo chenye idara kadhaa ndani yake.

Msomi wa Kusini

Nimechelewa kuuona uzi. Mnasahau sisi ni SADC pia. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC ya 1997 inasema nchi mwanachama itenge angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo vikuu kwa wanafunzi wa nchi nyingine za SADC, na ada iwe ileile ya wenyeji. Nilisoma Afrika Kusini kwa mgongo wa hiyo. Ada ya masomo nilitozwa kama Msauzi, ingawa kuna ada ya ofisi ya kimataifa inayoongezwa pembeni, muulize mapema isije ikakushtua.

Tatizo la huko ni kalenda. Wao wanaanza Februari. Makerere Agosti, Mlimani Oktoba au Novemba. Mtu wa kubadilishana semesta moja akienda Februari anaiacha semesta yetu katikati, mtihani wa mwisho wa semesta (UE) hajafanya. Akisubiri mpaka amalize, kule wameshafika wiki ya mitihani ya kati. Anayefanikiwa ni yule aliyekwenda mwaka mzima au aliyeruhusiwa kufanya mitihani yake mapema, na hiyo ruhusa inatokana na huruma ya mhadhiri.

Mtu wa Panya

Kalenda ni kweli inaua. Na nyie mnaojiuliza kwa nini Mlimani utakutana na wanafunzi wa Sweden na Norway kabla hujamwona Mmalawi: wale wamepangiwa kipindi chao, fedha zao ziko tayari, na krediti zimesainiwa kwao kabla hawajapanda ndege. Tangu 2015 Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, inalipia hata wa kwetu kwenda Ulaya kwa semesta. Imefika mahali mwanafunzi wa Dar anafika Uppsala kirahisi kuliko Lilongwe.

Mwalimu wa Lugha

Niongeze upande wa Kiswahili, ambako sisi ndio tunaopokea. Chuo Kikuu cha Ghana kinafundisha Kiswahili tangu miaka ya sitini, na wanafunzi wao wa shahada huja Tanzania kwa mwaka wa lugha. Ule mwaka umo ndani ya digrii yao, wanaujua tangu siku ya kwanza. Nimefundisha baadhi. Wakifika wanasema "tafadhali ningependa kununua ndizi" na muuza ndizi anacheka hadi anakaa chini. Miezi mitatu baadaye wanapatana bei kama watu wa Manzese.

Swali langu kwa wakuu: wetu wanaosoma Kifaransa au Kiarabu hapa nchini, mwaka wao wa lugha uko wapi? Burundi ipo hapo. Lubumbashi ipo hapo. Tukishindwa kupeleka watu wa Kifaransa Bujumbura, tusizungumzie Dakar.

Mtoto wa Katanga

Mwalimu, waleteni. Sisi tutawapa Kifaransa na hawatalala njaa kwa kukosa lugha sokoni, Kiswahili kinawatosha. Na nyinyi mtupokee wa kwetu wapate Kiingereza. Idadi italingana bila kulazimisha.

Bwana Shaka

Hilo la mwisho ndilo wazo la kwanza kwenye uzi huu ambalo naweza kuliona likifanyika. Jirani anahitaji ulichonacho, wewe unahitaji alichonacho.

Mwaka wa Kwanza

Wakuu nimesoma yote. Mimi ni takwimu, natamani Makerere mwaka wa pili. Nianzie wapi? Ofisi ya mahusiano ya kimataifa walinipa fomu tu.

Mkongwe wa Masijala

Hiyo fomu iweke pembeni kwanza, ndiyo inayopoteza watu. Inajaza kila kitu isipokuwa masomo.

Tafuta muhtasari wa kila somo unalotaka kusoma kule, si jina la somo, muhtasari wenyewe wenye mada za wiki kwa wiki na saa. Weka pembeni muhtasari wa somo la kwenu linalofanana. Mada zikilingana kwa sehemu kubwa, nenda nazo kwa mhadhiri wa somo lile, akubali kwa maandishi. Ukishapata wote, mkuu wa idara anasaini jedwali moja: somo la kule, somo la hapa, saa za kazi, krediti zitakazoandikwa, na namna alama zitakavyogeuzwa. Hiyo ya alama watakwepa. Wasikwepe. Kisha jedwali liende bodi ya ndaki, lipate namba ya kikao. Namba ya kikao ndiyo inayomnyamazisha ofisa wa mitihani, kuliko barua ya mtu yeyote.

Nakala moja kaa nayo wewe, moja faili la idara, moja masijala. Wakuu wa idara hubadilishwa, na anayekuja hajui ahadi za aliyetoka. Kuna somo la lazima ambalo kule halipo? Ulizia kama unaweza kulisoma mwaka wa tatu, nalo liandikwe kwenye jedwali hilohilo. Anza sasa hivi, ukisubiri mwaka wa pili ufike umechelewa.

Mwaka wa Kwanza

Asante sana mzee wangu. Muhtasari wa Makerere nitaupata wapi? Tovuti yao ina majina ya masomo tu.

Binti Kagera

Mdogo wangu, nilisoma takwimu palepale. Ninayo ya mwaka wa pili karibu yote kwenye laptopu, ila ni ya zamani kidogo na mtaala huwa wanaupitia. Nitakutumia inboksi uone mada zinavyokaa, halafu nitakuelekeza idara gani uwaandikie wakupe ya sasa. Andika barua pepe kwa mkuu wa idara moja kwa moja, wao wanajibu. Na uwaambie kabisa unataka yenye saa za darasani na za kujisomea, usipotaja watakutumia ukurasa mmoja wenye majina.